Jogoo wa Namba Saba

Mama alianza kumlisha jogoo yule wiki moja baada ya mimi kumwambia, kwa simu na kwa uzembe, kwamba mwisho wa mwaka huenda nikawa kapteni. Neno "huenda" halikufika Ifakara. Sijui lilidondokea wapi, labda Mikumi. Yaliyofika ni "kapteni" na "mwisho wa mwaka", na kesho yake jogoo mwekundu akatengwa na wenzake, akapewa banda lake, akawa analetewa chenga za mchele asubuhi na jioni huku kuku wengine wakijitafutia wenyewe uani. Mama akawatangazia wanajumuiya wenzake wote wa kanisani kwamba ana jogoo wa kapteni. Nilipokwenda likizo, wazee wenye mvi zao waliniita kapteni barabarani, nami nikawa naitikia. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Watu wengi hudhani rubani hupanda cheo kwa kuwa hodari. Ningependa sana iwe hivyo, kwa sababu mimi ni hodari, na nalisema bila aibu. Lakini kwetu cheo kinakwenda kwa orodha. Aliyetangulia kuingia kampuni yuko juu, aliyefuata yuko chini yake, na hutampita mpaka astaafu, ahame au afe, na kwa bahati mbaya marubani wana afya nzuri. Orodha ndiyo inayoamua nani apate likizo ya Krismasi na nani akaishie kwenye kiwanja kile ambacho lazima kwanza ufukuze mbuzi ndipo utue. Juu ya yote, orodha ndiyo inayoamua nani atoke kiti cha kulia, kiti cha msaidizi, ahamie kiti cha kushoto, kiti cha kapteni. Ni sentimita sitini tu kutoka kiti kimoja hadi kingine. Mimi nilikuwa nimezisubiri miaka.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, marubani sita, wawili kati yao makapteni, na mimi wa tatu. Kapteni mwingine akihitajika, ni mimi. Ndipo kampuni yetu ikaolewa. Wenye mali waliita muungano, lakini sisi tulisema tumeolewa, maana wenzetu walikuwa kumi na wawili na jina lililobaki lilikuwa lao. Wao walikuwa na makapteni wanne, na wa tano wao alikuwa kijana mmoja mpole, mtoto wa wafugaji wa upande wa Malinyi. Yeye naye alikuwa anasubiri sentimita sitini zake. Wote tulikubaliana jambo moja tu: aliye kapteni leo abaki kapteni, asishushwe mtu. Hao ni sita. Mwisho wa mwaka ilikuwa inakuja ndege mpya moja, yaani kiti kimoja cha kushoto, yaani namba saba. Ni mimi au yeye.

Nilimchukia kwa bidii. Ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu hakuwa na baya lolote.

Masika hayo wakubwa walitupangia safari za kupimana. Kapteni wetu mkuu, mzee mwembamba asiyeachana na mwavuli wake, akae kiti cha kushoto safari ya kurudi, amtazame kijana wa Malinyi anavyoruka. Kapteni wao mkuu, mzee mnene anayekohoa kabla ya kusema, akae kiti cha kushoto safari ya kwenda, anitazame mimi. Hivyo ndivyo marubani wanne tulivyojikuta ndani ya ndege moja yenye viti kumi na viwili, tukiwaleta Ifakara watafiti wanane wa mbu. Tuliwashusha salama. Tulipokuwa tunageuza ili turudi, gurudumu la kushoto likazama kwenye tope la uwanja mpaka kwenye mhimili.

"Kwetu tusingegeuzia hapa," alisema kapteni wetu kutoka nyuma.

Kapteni wao akakohoa. "Kwenu msingefika hapa."

Vijana wa mjini walikuja na mbao na kamba, wakaivuta ndege ikatoka, lakini mvua haikutoa nafasi ya kuruka. Tukaambiwa tusubiri uwanja ukauke. Nyumba za wageni zote zilikuwa zimejaa, maana Jumamosi ile kulikuwa na misa ya upadrisho na watu walikuwa wameshuka kutoka Mahenge kwa mabasi. Basi nikawapeleka nyumbani kwa mama. Kwenye simu wakubwa walifurahi kupita kiasi. Kila upande una wawakilishi wawili hapo, walisema, na hamna kazi nyingine. Tengenezeni orodha.

Mama aliwapokea kwa heshima zote. Kijana wa Malinyi alimwamkia kwa kuinama, mikono yote miwili.

"Marahaba, baba. Kwenu wapi?"

"Malinyi, mama."

"Wakulima?"

"Wafugaji, mama."

Mama akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Kuna ng'ombe walishawahi kuingia kwenye mpunga wangu. Hawakuwa wenu?"

"Sidhani, mama. Lakini poleni sana."

"Haya, karibu. Kuna sehemu bati linavuja, unaweza kupanda?"

Akapanda. Nusu saa baadaye bati lilikuwa halivuji na mama alikuwa ameshasamehe ng'ombe wote wa bonde zima. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni nikikumbuka kwamba bati lile niliahidi kulishughulikia tangu mwaka juzi.

Mchana ule mama alichinja tetea. Sasa, kwetu kuku ana nyama nyingi lakini ana firigisi moja, na firigisi hiyo haiendi kwa mtu yeyote tu. Inakwenda kwa mkubwa wa meza, na kila aliyekaa anajua ni nani bila kuambiwa. Pale mezani palikuwa na wazee wawili, kila mmoja namba moja wa kwao, na nikaona wote wawili wamenyoosha migongo kidogo. Mama akapita na sufuria, akamwekea wetu paja, akamwekea wao paja, akaja kwangu, akaitua firigisi juu ya wali wangu.

"Ya kapteni," alisema.

Kapteni wetu alifungua mwavuli wake kidogo, akaufunga. Kijana wa Malinyi alitabasamu akiangalia sahani yake. Mimi niliila. Ningeirudisha ningemwaibisha mama, ndivyo nilivyojidanganya, lakini kusema kweli niliila kwa sababu ilikuwa tamu.

Asubuhi ya pili tukakaa sebuleni kutengeneza orodha. Mvua ilipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba majadiliano yote ya haki na usawa tuliyafanya kwa kupiga kelele.

Kapteni wetu alitaka tufuate tarehe ya barua ya ajira. Barua ni barua, alisema, haina ubishi. Kapteni wao akakohoa, akapaza sauti kwamba kwetu barua zilikuwa zinagawiwa kama kalenda, mtu anapewa barua ya urubani kisha anapimishwa mabegi mwaka mzima. Alikuwa ananisema mimi bila kunitaja. Yeye alitaka twende kwa wingi: wao ni mara mbili yetu, basi wawekwe wawili wao, afuate mmoja wetu, wawili wao, mmoja wetu, mpaka mwisho.

"Hiyo si orodha, hiyo ni ngoma!" alipiga kelele kapteni wetu. "Mtu wenu wa jana atampita mtu wetu wa mwaka juzi kwa sababu tu mmezaana sana?"

"Na mtu wenu aliyekaa kwenye mizani ampite aliyekuwa angani?"

Kisha wakaingia kwenye namba moja, wakasahau wengine wote. Ilibainika kuwa wote wawili walianza kazi mwezi mmoja, mwaka mmoja. Basi waende kwa umri. Hapo kukatokea maajabu, kwa sababu kwenye orodha mkubwa ndiye anayetangulia, lakini kwenye kustaafu mkubwa ndiye anayeondoka kwanza. Kila mmoja alitaka kuwa mzee mpaka kwenye mstari fulani, halafu kuanzia hapo awe kijana. Kijana wa Malinyi akashauri kwa upole kwamba wapeane zamu ya kutangulia, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Wakamtazama kwa hasira kwa sababu lilikuwa wazo zuri, kisha wakalikubali.

Mvua ikakatika ghafla, tukajikuta tunapiga kelele ndani ya nyumba iliyotulia. Tukashusha sauti kwa aibu. Labda aibu hiyo ndiyo iliyotusaidia, kwani baada yake kapteni wao alisema jambo la akili.

"Tuache barua, tuache wingi. Kazi yetu ni kubeba watu. Kila mtu ahesabiwe tangu siku ya kwanza alipobeba abiria. Abiria, si mizigo."

Kapteni wetu alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Mimi pia nilikubali, maana mtu mwenye haki hukubali haraka, na nilitaka nionekane mwenye haki.

Niseme hapa jambo ambalo pale sikulisema. Barua yangu ilikuwa ya Januari. Januari hiyo kampuni ilikuwa na ndege moja nzima na moja gereji, kwa hiyo nikapewa mizani. Kwa miezi na miezi nilipima mabegi na watu. Nilijua uzito wa kila mhasibu wa kila hoteli ya porini. Mwezi wa tano nikakaa kiti cha kulia kwa mara ya kwanza, tukapeleka vipuri na magunia ya unga kambini, nikampigia mama simu huku nalia kwa furaha.

"Nyuma mmebeba nini?" aliuliza mama.

"Magunia, mama."

"Magunia hata trekta linabeba. Nipigie ukibeba watu."

Nilimpigia tena mwaka uliofuata. Katikati ya hapo, mwezi wa tisa, kijana wa Malinyi alikuwa ameajiriwa upande wa pili, na kwa kuwa kwao walikuwa na upungufu, wiki ile ile alibeba abiria.

"Binti yetu," kapteni wetu akanigeukia na kalamu mkononi, "lini?"

Kitabu cha safari cha rubani kinaandika saa, ndege na njia. Hakiandiki kama nyuma kulikuwa na watu au unga. Hilo nililijua vizuri sana.

"Mwezi wa tano," nilisema.

"Septemba," alisema kijana wa Malinyi alipoulizwa.

Kapteni wetu akaandika: saba, mimi, nane, yeye. Ilichukua muda mfupi kuliko kumimina chai. Kapteni wao akakohoa.

"Kitabu hakionyeshi abiria," alisema. "Simkatalii binti. Nauliza tu, kwa taratibu. Kuna shahidi?"

"Shahidi nipo!"

Sauti ilitoka jikoni. Kelele za bati zilipokwisha mama alikuwa anasikia kila neno, na alichosikia ni kwamba mwanawe anaulizwa shahidi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliingia na mwiko mkononi, akapita katikati yetu, akaenda chumbani. Tukasikia sanduku likifunguliwa. Nikasema moyoni, Mungu wangu, asikipate. Alikipata. Alirudi na cheti cha ubatizo cha mtoto wa kaka yangu, akakiweka mezani juu ya orodha.

"Someni tarehe," alisema. "Jumapili ya Pasaka. Huyu mtoto alibatizwa Jumapili ya Pasaka, na Jumanne ya kabla yake, Juma Kuu, mwanangu alibeba watu kwa mara ya kwanza. Alinipigia simu usiku wa jana yake, akaniambia, mama, kesho napita juu ya shamba. Nilikuwa juu ya dungu, kichanja kile cha shambani, naamia ndege wasile mpunga, kule njia ya Kiberege. Ndege ikaja chini chini, nikavua kanga nikapunga, nikapunga, nikaanguka kutoka kwenye dungu. Mguu huu hapa. Kanisani nilikwenda nachechemea, paroko mwenyewe aliniuliza. Mnataka shahidi gani tena?"

Alisimama, mwiko juu, ushindi mtupu usoni.

Kapteni wetu alisoma tarehe ya cheti. Akasoma tena. Akampa kapteni wao, ambaye kwa mara ya kwanza hakukohoa. Wote wawili walihesabu kwa vidole chini ya meza. Mimi sikuhitaji kuhesabu.

Kijana wa Malinyi ndiye aliyejaribu kuniokoa. Hilo sijalisahau na sidhani kama nitalisahau. "Mama," alisema taratibu, "labda ile ilikuwa safari nyingine. Labda mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa nyuma yake, na wewe ukasahau."

Mama alimgeukia. "Nisahau? Kijana, ng'ombe wa kwenu walikula mpunga wangu, leo unataka kula na kumbukumbu yangu? Mwaka wa nyuma yake alibeba magunia ya unga! Nilimwambia mwenyewe, magunia hata trekta linabeba!"

Alikuwa ameshapiga kila msumari, na bado alikuwa anatutazama mmoja mmoja akisubiri pongezi.

Masikio yangu yaliwaka moto. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata nilipokuwa mtoto nikikamatwa na sukari mdomoni.

"Mama anasema kweli," nilisema. "Mwezi wa tano nilibeba unga. Watu niliwabeba Pasaka. Futeni."

Kapteni wetu hakutaka kufuta. Alikaa na kalamu kama mtu aliyeombwa kuchinja mbuzi wake. Ikabidi niichukue kalamu mwenyewe, nikakata mstari, nikaandika: saba, yeye; nane, mimi. Mwandiko wangu ni mzuri. Hiyo orodha ndiyo inayotumika mpaka leo, na mstari ule bado unaonekana.

Nilimkuta mama jikoni amekaa kwenye kigoda, anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

"Mbona walinyamaza?" aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa ameshajua.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia.

"Kwa hiyo nimekunyang'anya mimi."

"Hapana, mama. Kiti kilikuwa hakijawa changu."

"Ungeniambia ninyamaze, ningenyamaza." Akaupiga ungo mara mbili. "Ningenyamaza, na mwisho wa mwaka ningemchinja jogoo, na watu wangekula. Lakini mimi ningejua. Nisingemla."

Nilichukua ungo kutoka mikononi mwake nikapepeta, vibaya, mchele ukamwagika, akanifukuza jikoni kama kawaida, na hapo nikajua kwamba tumepatana.

Mchana ule alichinja tetea wa pili. Wazee walikaa migongo imepinda kabisa, hakuna aliyekuwa na matumaini. Mama akagawa mapaja, akagawa vidari, akafika kwangu akanipa bawa. Kisha akaenda hadi mwisho wa meza, akaitua firigisi kwenye sahani ya kijana wa Malinyi, ambaye alisimama kuipokea kana kwamba ni cheti. Iliniuma. Nisiseme uongo mara mbili katika siku moja, iliniuma sana. Lakini bawa nalo nililimaliza.

Siku ya tatu uwanja ukakauka, tukaondoka.

Mwisho wa mwaka ndege mpya ikaja, na kijana wa Malinyi akahamia kiti cha kushoto. Aliomba safari yake ya kwanza ya Ifakara awe na mimi kiti cha kulia. Kwa kuwa sasa alikuwa juu yangu kwenye orodha, sikuwa na ruhusa ya kukataa, na sikutaka kukataa. Nilikuwa nimeshachoka kumchukia, kazi haikuwa na faida. Tulipofika juu ya shamba la mama, njia ya Kiberege, alinionyesha kwa kidole usukani wangu. Nikaishusha ndege chini kidogo. Dungu lilikuwa tupu.

Mama alikuwa uwanjani. Alisimama kando ya uzio, amevaa kitenge cha Jumapili, na chini ya kwapa ameshika jogoo mwekundu. Miezi ya chenga za mchele ilikuwa imemfanya awe mkubwa kiasi cha kutisha. Wanajumuiya kama sita walikuwa nyuma yake, wamekuja kumwona kapteni wa jogoo, na wote walinitazama mimi.

Mama akatupita wote. Akanipita mimi karibu kabisa, mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya kitenge chake, akamfikia kijana wa Malinyi, akampa jogoo kwa mikono miwili.

"Huyu ni wa namba saba," alisema. "Nilimlea kwa ajili ya kiti hicho, si kwa ajili ya mtu."

Kijana alitaka kukataa. Alinitazama. Nikamwambia apokee, mkono wa mama utachoka. Akapokea, akainama, akashukuru kwa sauti isiyosikika vizuri.

Kisha mama akanigeukia, akanishika mkono kwa nguvu.

"Wa kwako ametotolewa juzi," aliniambia. "Ni mwekundu vile vile. Nampa chenga asubuhi na jioni."

Kwetu hakuna kitu kinachoingia ndani ya ndege bila kupimwa, na hakuna kapteni anayepima mwenyewe. Hiyo ni kazi ya msaidizi. Nikamchukua jogoo, nikamfunga miguu, nikamweka kwenye mizani, naye akanidonoa kidole. Nikasoma uzito, nikachukua karatasi ya mizigo, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: jogoo mmoja, kilo tatu na nusu, mali ya kapteni.